Jogoo wa Kanda

Tiketi mia tano, za mbele elfu na mia tano.
Nimekata ya mbele. Binti yangu Rukiya ananitazama
kana kwamba nimenunua pikipiki uzeeni.
"Baba, kwani huyu mzee ana nini?
Nyimbo zake zote za kabla sijazaliwa,
na watu wamejaa hadi juu ya ukuta wa shule."

Kweli wamejaa. Nawatambua kwa kazi zao:
karani wa mahakama, tai kaisokomeza mfukoni;
Jumwa wa maabara, kitambulisho bado shingoni;
wale wa Muyeye na wale wa Maweni
waliokuwa wakirushiana mawe enzi hizo,
leo wanaulizana dawa za presha.
Na Dogo Baruti huyoo, anapanda jukwaa.
Miaka hamsini na mmoja, na bado ni Dogo.
Goti la kushoto halimtii.
Kofia aliyokuwa akiigeuza nyuma
sasa kaivaa mbele, taa zinamuumiza macho.

Ningemjibu Rukiya, lakini jibu langu ni kesi.

Mimi, Bwanaheri wa Shela, fundi wa vioo vya simu,
ndiye niliyemwibia huyu bwana.
Mwaka wa Elnino, barabara ya Mombasa imekatika,
kanda yake moja iliingia Malindi, moja tu,
ndani ya soksi ya utingo wa lori.
Nilikuwa na redio mbili na waya uliotafunwa na panya.
Nikaziweka uso kwa uso, kama maharusi,
nikafunga mlango, nikabana pumzi,
na katikati ya ubeti wa pili,
pale anaposema mwenye nyumba kaja, kodi sina,
jogoo wa Mbodze, muuza mahamri,
akawika.

Kanda tupu nyingine sikuwa nayo, na utingo alikuwa anaondoka.
Nikauza hivyo hivyo.
Shilingi sitini; themanini yenye karatasi.
Wakanakili kwangu, wengine wakanakili kwao,
hadi Gongoni, hadi Marafa, hadi Garashi,
sauti ya Dogo ikififia kila mkono,
jogoo akizidi kunona.
Hata senti kumi haikumfikia mwenyewe.
Jogoo naye alichinjwa Idi ile ile.
Mchuzi wake niliunywa. Mtamu.

Watu wa redio wanasema tunafuata ujana wetu.
Huenda. Mimi ujana wangu siutaki,
ulikuwa na njaa, tena na chawa.

Sasa anauingia ubeti wa pili.
Pumzi inakatika, anaiokota mbele kidogo,
mwenye nyumba kaja, kodi sina,
na uwanja mzima, karani, Jumwa, polisi wa lango,
watu elfu nne wenye akili timamu,
wanawika.

Dogo Baruti anasimama. Anamgeukia dijei wake.
Anadhani tunamzomea.
Anaurudia mstari, polepole, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole.
Tunawika tena. Wengine wanafuta machozi,
wengine wamewapakata watoto mabegani
na watoto nao wanawika,
wasiojua kanda ni mdudu gani.

Rukiya anaukagua wimbo kwenye simu yake.
"Mbona huku hamna jogoo?"
"Huo," namwambia, "ni wa watu wengine."

Mzee anacheka sasa, kalishika goti lake,
anaisogeza maikrofoni:
"Malindi! Miaka yote hii sijawahi kufika kwenu.
Hebu niambieni, huyu jogoo ni wa nani?"

Kimya. Kisha kidole kimoja, cha Jumwa,
mteja wangu wa siku nyingi.
Kisha kumi. Kisha sihesabu tena,
vyote vinanijia mimi, hapa mbele,
kwenye kiti cha elfu na mia tano.

Nainama kufunga kamba za viatu.
Nimevaa ndara.